Mali Irudi kwa Mwenyewe Kwanza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote waliofuata njia yao. Ama baad.



Wengi wenu mnamjua mama anayetuuzia chapati na maharage nje ya geti. Wanaokula pale kila siku wameona kwamba tangu muhula huu uanze ile meza yake ya pili haipo, na kijana aliyekuwa akimsaidia kukanda unga ameondoka. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu mimi mwenyewe nimo katika habari hii.

Mwaka jana uliingia hapa mpango wa kuweka pesa kwenye programu ya simu. Haukuja kwa mlango wa nyuma. Uliletwa na ndugu tunayeswali naye safu moja, akatueleza msikitini, baada ya Isha, huku misahafu ikiwa bado mikononi. Ukiweka shilingi 200,000 unapokea 40,000 kila wiki, na ukimleta mtu unapewa asilimia 6 ya alichoweka. Mimi niliweka 200,000 na kwa wiki nane nikapokea 320,000. Nikamwambia yule mama. Aliniamini kwa sababu nasoma dini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Akaweka 1,500,000, akiba ya ada ya mwanawe. Alilipwa mara moja tu, 300,000, na wiki iliyofuata programu haikufunguka tena. Mimi nilikuwa nimeshaingiziwa 90,000 kwa kumleta.

Alikwenda kituo cha polisi, akaambiwa kwamba hayo ni mambo ya madai, atafute wakili. Akaenda kwa wakili, akaambiwa kwamba hiyo ni jinai, arudi polisi. Alipochoka nauli za boda boda akaacha, akauza meza.

Na sisi tulisema nini? Tulisema tamaa imemponza. Hata mimi nilisema, na nilikuwa na pesa zake mfukoni.

Ndugu zangu, tuangalie Mtume (S.A.W.) alimfanyia nini mtu wa namna hii. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) habari ya mtu aliyekuwa akilaghaiwa kila anapouza na kununua. Wanazuoni wengi wanamtaja kuwa ni Hibban bin Munqidh, na imeelezwa kwamba alipata jeraha la kichwa lililomdhoofisha. Katika mapokezi ya Anas, jamaa zake ndio waliokwenda kwa Mtume wakitaka azuiwe kufanya biashara. Kwao wao dawa ilikuwa ni kumfungia aliyetapeliwa! Yeye akasema hawezi kukaa bila kuuza na kununua. Mtume (S.A.W.) akamfundisha aseme neno moja kila anapofunga biashara: la khilaba, yaani pasiwe na ulaghai. Katika mapokezi mengine akapewa siku tatu za hiari: akiridhika anachukua, asiporidhika anarudisha bidhaa kwa mwenyewe na kupewa pesa zake.

Sikuona popote kwamba alimkaripia kwa ujinga wake. Alimpa haki ambayo kabla ya hapo hakuwa nayo. Neno lile mbili-tatu likawa na nguvu sokoni, na aliyemuuzia akijua kabisa kwamba mlango wa kurudisha uko wazi kwa siku tatu. Haya ni marekebisho ya sheria, na yalifanywa kwa ajili ya mtu mmoja dhaifu.

Kuna kisa kingine mnachokijua kutoka madrasa, lakini naona tunakisoma haraka. Kabla ya utume, Muhammad (S.A.W.) akiwa kijana wa miaka kama 20, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliingia Makka na bidhaa. Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Quraysh, akanunua kisha akakataa kulipa. Yule mgeni hakuwa na kabila pale. Alikwenda kwa koo zilizofungamana na al-As akitaka msaada, zikamfukuza. Hapo akapanda mlima Abu Qubays jua linapochomoza, Quraysh wamekaa pembezoni mwa Al-Kaaba, akapaza sauti akieleza alivyodhulumiwa. Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume, akainuka. Wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mwenye kudhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake. Ndio Hilful-Fudhul. Mtume alikuwepo, na baada ya kupewa utume alisema kwamba hata ngamia wekundu hawamvutii kuliko kiapo kile, na kwamba angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu angeitika.

Mara nyingi khatibu anaishia hapo, kwenye ubora wa kiapo. Mimi nataka tuangalie walichofanya walipotoka katika nyumba ile. Walikwenda moja kwa moja kwa al-As, wakachukua bidhaa mkononi mwake, wakamkabidhi Mzabidi. Hawakuanza kwa kumfunga al-As wala kumtoza faini ya kuweka katika hazina ya Quraysh. Jambo la kwanza lilikuwa mali irudi kwa mwenyewe.

Hapa ndipo tofauti yetu na wao ilipo. Anapokamatwa tapeli siku hizi, tunapiga makofi akiingia gerezani, na yule aliyeibiwa anarudi nyumbani mikono mitupu kama alivyotoka. Gazeti linaandika miaka ya kifungo. Hakuna anayeuliza ada ya mtoto imelipwa na nani.

Wanafunzi wa fiqhi wanakumbuka mas-ala ya mwizi aliyekwisha kukatwa mkono: je, bado anadaiwa mali aliyoiba? Maimamu wote wanakubaliana kwamba mali yenyewe ikiwa bado ipo inarudishwa. Ikiwa imekwisha kutumika, Hanafi wanaona adhabu na fidia havikusanywi. Malik anaangalia kama mwizi ana uwezo. Imam Shafi'i na Imam Ahmad wanasema analipa kwa vyovyote, kwa sababu adhabu ni haki ya Allah na malipo ni haki ya mja, na haki moja haifuti nyingine. Wengi wetu katika Uganda tumelelewa katika madhehebu ya Shafi'i. Basi inatupasa kuwa watu wa kwanza kuuliza, kila hukumu ya utapeli inaposomwa: na malipo ya mja yako wapi?

Tutazame sheria ya nchi yetu, na nimesaidiwa hapa na ndugu wanaosoma sheria. Si kweli kwamba haina kitu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inampa hakimu uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyepata hasara, ndani ya kesi ileile ya jinai. Lakini ni hiari ya hakimu, na inakuja mwisho kabisa, baada ya hukumu. Pesa za simu zinatolewa kwa wakala dakika chache baada ya kutumwa. Kesi ikimalizika baada ya miaka miwili, amri ya fidia inamkuta mtu asiye na kitu kwa jina lake.

Tuna pia utaratibu wa madai madogo, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011. Dai lisilozidi shilingi 10,000,000 linasikilizwa haraka na bila mawakili. Ni jambo jema na wengi wetu hatulijui. Mwenye nyumba akikatalia amana yako, nenda huko. Ila lazima umjue unayemshitaki. Mama wa chapati atamshitaki nani? Ana namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na pengine mtu huyo ni bibi kijijini ambaye kitambulisho chake kilitumiwa bila habari yake.

Na nchi hii imeonywa. Desemba 2019 ofisi za Dunamiscoins zilifungwa ghafla, na watu waliokuwa wameahidiwa faida nono kwa pesa za kidijitali wakakuta milango imefungwa. Kuna Mfuko wa Kulinda Amana, ambao benki yenye leseni ikifilisika humlipa mwenye akaunti mpaka shilingi 10,000,000. Haumhusu aliyeweka pesa kwa tapeli. Kwa hiyo maskini aliyeziweka mahali pasipo na leseni, ambaye ndiye mhitaji zaidi, hana pa kushika.

Je, inawezekana kweli pesa zilizotapeliwa zikarudi? Watu wengi wanaamini haiwezekani, na imani hiyo ndiyo inayotufanya tukae kimya. Mchukueni Bernard Madoff wa New York. Mpango wake ulikuwa uleule uliomla mama yetu, pesa za wanaokuja nyuma kuwalipa waliotangulia, ila wake ulikuwa mkubwa mno. Alikamatwa Desemba 2008 na mwaka 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka 150. Kifungo kile hakikumrudishia mtu hata senti moja. Kilichorudisha ni sheria iliyowaruhusu wasimamizi wa mufilisi na serikali kuzifuata pesa zilikokwenda, zikiwemo zile zilizolipwa kama faida kwa walioingia mapema. Mfuko mmoja tu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, uliofanya mgao wa mwisho Desemba 2024, umelipa zaidi ya dola bilioni 4.3 kwa watu wapatao 40,000 katika nchi 127, na kufikia karibu asilimia 94 ya hasara zao. Ilichukua miaka mingi, na wapo waliokufa wakingoja. Lakini pesa zilirudi.

Waingereza wamekwenda njia nyingine. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu akilaghaiwa akatuma pesa mwenyewe kutoka benki moja ya nchini humo kwenda nyingine, benki yake inapaswa kumrudishia, mpaka pauni 85,000, na kwa kawaida ndani ya siku tano za kazi. Gharama inagawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivutia. Benki iliyomfungulia tapeli akaunti nayo inauma meno, kwa hiyo ina sababu ya kumjua mteja wake.

Najua swali litakalokuja darasani: Allah hakusema katika Suratul-An'aam kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine? Vipi kampuni ya simu ilipe dhambi ya tapeli? Swali ni zito na sitalipita juu juu. Wanazuoni wa usuli, wanapoeleza maslaha mursala, hutoa mfano wa mafundi. Fundi anapewa kitambaa cha watu, kinapotea, naye anasema si kosa langu. Imepokewa kutoka kwa Ali (R.A.) kwamba aliwatoza mafundi dhamana, akisema kwamba watu hawatatengenekewa isipokuwa kwa hilo. Katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba fundi hadhamini bila uzembe. Haya, tuichukue hiyo hiyo. Kusajili laini ya simu kwa kitambulisho cha mtu asiyekuwepo ni uzembe. Kupewa taarifa ya utapeli saa nne asubuhi na kuacha pesa zitolewe saa nane mchana ni uzembe. Mwenye uzembe analipa, kwa kauli zote mbili. Sioni haja ya kunakili sheria ya Uingereza neno kwa neno, maana wakala wetu wa kibandani si benki ya London, na ukimtwisha yeye mzigo atafunga kibanda. Mzigo uwe kwa kampuni.

Ninachoona kinafaa kuombwa hapa ni kidogo na kinaeleweka. Akaunti au laini iliyoripotiwa ifungwe saa ileile kwa muda, kama zile siku tatu za Hibban, mpaka ukweli ujulikane. Amri ya fidia isiwe hiari: hakimu akitia mtu hatiani kwa utapeli, alazimike kuuliza habari ya mali, na asipoamuru irudi aandike sababu. Mali ya tapeli ikikamatwa, waliotapeliwa watangulie mbele ya hazina ya serikali na wadai wengine. Tuna hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) katika Bukhari na Muslim kwamba anayeikuta mali yake yenyewe kwa mtu aliyefilisika ana haki nayo zaidi kuliko mwingine yeyote. Na tuna kisa cha Umar (R.A.) katika Muwatta ya Imam Malik: mtu wa Juhayna, Usayfi', alikuwa akinunua ngamia kwa bei za juu kwa mkopo ili awatangulie mahujaji, mpaka akafilisika. Umar akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba mwenye deni kwake aje kesho asubuhi, mali yake igawanywe. Kesho asubuhi, ndugu zangu! Hakusema baada ya vikao kumi na viwili.

Allah (S.W.) katika Suratul-Baqara Aya ya 188 anatukataza kulana mali kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili tule sehemu ya mali za watu kwa dhambi, nasi tunajua. Aya hii tunaitumia sana kwa rushwa, na ni sawa. Lakini pia inamhusu anayejificha nyuma ya udhaifu wa sheria. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.), alitahadharisha kwamba yeye ni mwanadamu, anahukumu kwa anachokisikia, na aliyehukumiwa haki ya ndugu yake kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi haramu, basi ukimya wa polisi haukuhalalisha 90,000 zangu.

Nilimwendea mwalimu wetu wa fiqhi nikamweleza yote. Nilitegemea atanihurumia kwa kuwa sikujua. Akasema kutojua kunakuondolea dhambi ya kudanganya, hakukupi umiliki wa mali ya mtu. Akanipigia hesabu kwenye karatasi. Mtaji wangu 200,000 nilikwisha kuupata. Zile 120,000 za ziada si zangu, na 90,000 si zangu. Hizi 90,000 zimetoka kwa yule mama moja kwa moja, nimpelekee. Zile 120,000 ni za watu nisiowajua. Nitafute kwanza waliopoteza katika mpango ule, wagawiwe kwa kadiri ya hasara zao, na mama naye ni mmoja wao. Sadaka kwa niaba ya wenyewe ni pale tu wanapokosekana kabisa. Kisha akaniuliza: na ile 1,110,000 iliyobaki ya mama, unalala vizuri? Nikasema hapana. Akasema, hiyo kisheria haiko juu yako yote, lakini ulikuwa ulimi uliomwita.

Nilipompelekea mama 90,000 alizikataa, akidhani namsaidia. Nikamwambia, "Mama, hii si sadaka. Ni pesa yako, ilikuwa kwangu." Alizihesabu mara mbili, akanyamaza, kisha akaniuliza kama wengine nao watarudisha.

Sikuwa na jibu siku ile. Sasa Jumuiya imekubali tuandike daftari. Upande mmoja waliopata zaidi ya walichoweka, upande wa pili waliopoteza, wakiwemo wasio Waislamu, kwa sababu Mzabidi hakuulizwa ibada yake. Majina hayatasomwa mbele ya watu. Daftari la ndugu liko kwa Amiri, la kina dada liko kwa Amira, na aliyepokea kwa simu aje na ujumbe wa malipo, asiufute. Wiki tatu baada ya toleo hili kutoka tutagawa kilichopatikana, kidogo kiwe kidogo.

Ndugu wa kitivo cha sheria wameandika rasimu ya barua kwa mbunge wetu na kwa Tume ya Marekebisho ya Sheria, yenye maombi niliyoyataja na habari za watu saba wa hapa hapa waliokubali kueleza yaliyowapata. Itasomwa msikitini Jumamosi baada ya Alasiri, mwenye kasoro aiseme, kisha tutie saini. Mama wa chapati amesema atafunga mapema siku hiyo ili aje, na ameomba akina dada wamtafutie mahali pa kukaa karibu na mlango, miguu yake inavimba.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.